Chupa ya Maji ya Mvua na Hewa Tunayoivuta

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mvua inaponyesha juu ya mji, hewa hutakata na habari huishia hapo. Jambo lenyewe halina ubishi: baada ya mvua kubwa anga hung'aa, majengo ya mbali yaliyokuwa yamemezwa na ukungu wa moshi huonekana tena, na hata pua hutambua tofauti. Lakini uchafu ule haukutoweka. Umehama kutoka hewani ukaingia majini, na maji yana fadhila moja ambayo hewa haina: unaweza kuyakinga, ukayafunga kwa kifuniko na kuyapeleka maabara yakiwa bado yamebeba kile yalichokiokota njiani. Kwa misimu miwili ya mvua nimekuwa nikiyakinga maji hayo ili nijue kitu fulani kuhusu hewa ya mjini, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza, makosa yangu yakiwemo.

Wazo hili ni la zamani kuliko mashine za kupimia hewa zilizopo leo. Katikati ya karne ya 19, mwanakemia wa Kiskoti Robert Angus Smith alichunguza maji ya mvua ndani na kandokando ya Manchester, mji wa viwanda vya nguo uliokuwa ukichoma makaa ya mawe kwa wingi, na mwaka 1852 akaeleza kwamba mvua ilibadilika kadiri mtu alivyousogelea mji. Mashambani, mbali na mabomba ya moshi, alikuta kabonati ya amonia. Katika vitongoji alikuta salfeti ya amonia. Na katikati ya mji alikuta asidi ya salfa yenyewe. Mwaka 1872 alichapisha kitabu kizima juu ya hewa na mvua, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa jina "mvua ya asidi". Ninapenda kuirudia ramani yake hiyo ya maeneo matatu kwa sababu inaonyesha, tangu mwanzo kabisa, kwamba kuuliza kama mvua ni kali au si kali hakutoshi. La maana ni kujua ni vitu gani vimo ndani yake na kila kimoja ni kiasi gani. Nililisahau hilo, na likanigharimu karibu msimu mzima.

Ili maji ya mvua yasomeke, ni lazima kwanza ieleweke namna yanavyochafuka. Tone halianzi likiwa safi. Mvuke uliomo hewani huhitaji kitu cha kujishikiza ili ugeuke kuwa tone, na kitu hicho ni chembe ndogo sana, mara nyingi ya salfeti, ya chumvi ya bahari au ya vumbi. Kwa hiyo hata kabla ya kuanguka, kila tone lina kiini kilichotoka mahali fulani, pengine mamia ya kilomita kutoka pale litakapoangukia. Likiwa ndani ya wingu, tone huendelea kunyonya gesi zinazoyeyuka majini, na salfa dioksidi iliyonyonywa hugeuzwa humo humo kuwa asidi ya salfa. Kisha tone huanguka, na katika safari yake ya mwisho hupita katika hewa ile ile ambayo watu wanaivuta, likigongana na vumbi, likinyonya amonia, likizoa mvuke wa asidi ya nitriki uliotokana na moshi wa injini.

Hatua hizi mbili, ile ya ndani ya wingu na ile ya chini yake, huchanganyika katika chupa moja ilhali zinasimulia habari mbili tofauti: ya kwanza ni habari ya eneo kubwa ambalo wingu limepitia, na ya pili ni habari ya mji wenyewe. Njia ya kuzitenganisha ni kuigawa mvua moja katika chupa kadhaa kwa mfuatano wa muda. Milimita ya kwanza kwa kawaida ndiyo chafu zaidi, kwa sababu matone ya mwanzo hufagia hewa ambayo bado imejaa, na pia hupoteza sehemu ya maji yake kwa kukauka njiani, hivyo kinachobaki huzidi kukolea. Baada ya hapo uchafu hupungua haraka mpaka unafika kiwango ambacho hakishuki tena sana. Kwa kadirio la haraka, kiwango hicho cha mwisho ni cha wingu, na kilichozidi mwanzoni ni cha mji. Mtu anayekinga mvua yote katika ndoo moja hupata wastani wa habari hizo mbili, na wastani huo, ingawa si wa uongo, hauwezi kumwambia alaumu barabara iliyo mbele ya nyumba yake au kiwanda kilicho mkoa mwingine.

Kosa langu la kwanza lilitokana na karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka chini ya hapo ndivyo asidi inavyozidi. Nilichovya karatasi katika maji ya mvua, rangi ikaonyesha kitu kilicho karibu na 6.5, nami nikaandika katika daftari kwamba hewa ni nzuri. Nilikuwa nimeshika imani ya kawaida kwamba mvua chafu ni mvua ya asidi, kwa hiyo mvua isiyo na asidi ni safi. Imani hiyo si kweli. Maji safi kabisa yaliyoachwa wazi hewani hayabaki kwenye 7; hunyonya kabonidioksidi, ambayo huzalisha asidi dhaifu ya kaboni, na kutulia karibu na 5.6. Hata mvua ya maeneo yasiyo na viwanda inaweza kushuka hadi karibu na 5 kutokana na asidi za asili, zikiwemo asidi ya fomiki na asidi ya asetiki. Basi mvua yangu ya 6.5 ilikuwa na kitu kilichoipooza asidi yake, na kitu hicho nacho kilitoka hewani.

Ifikirie kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa. Anayeitazama kamba peke yake ataiona imetulia, na anaweza kuapa kwamba hakuna anayevuta. Upande mmoja wa mvua ya mjini kuna asidi ya salfa na asidi ya nitriki. Upande wa pili kuna vumbi lenye kalsiamu, linalotoka kwenye barabara zisizo na lami, kwenye saruji na kwenye udongo wa chokaa, pamoja na amonia inayotoka kwenye mifugo, mbolea, maji taka na hata mabomba ya magari. Zikilingana, kipimo cha pH kinakuwa cha kupendeza huku hewa imejaa pande zote mbili. Ndiyo maana nchini China, katika miongo ambayo makaa ya mawe yalichomwa kwa wingi kaskazini na kusini pia, mvua ya asidi ilikuwa hasa tatizo la kusini mwa mto Yangtze. Kaskazini, vumbi lenye kalsiamu liliipooza. Anayeishi mahali penye vumbi jingi anapaswa kuitilia shaka kila pH nzuri.

Kuna matatizo mengine mawili ya pH ambayo nitayataja kwa ufupi. La kwanza ni kwamba maji ya mvua yana chumvi kidogo mno, hivyo karatasi hutoa rangi isiyoaminika na hata kipimo cha umeme huchelewa kutulia. Inafaa kusubiri dakika kadhaa bila kuyakoroga maji. La pili ni la hesabu. Namba za pH hazijumlishwi na kugawanywa kama namba za kawaida, kwa kuwa kila hatua moja ni mara kumi. Ukichanganya lita moja ya mvua yenye pH 4 na lita moja yenye pH 6 hupati 5, bali unapata takriban 4.3. Nimekutana na jedwali zaidi ya moja ambamo wastani wa mwaka umepatikana kwa kujumlisha pH na kugawanya, na kila mara kosa hilo huifanya mvua ionekane njema kuliko ilivyo.

Kifaa kilichonisaidia zaidi kuliko vyote nilivyoweza kukishika mkononi ni kile cha kupimia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Chumvi, asidi na besi zilizoyeyuka ndizo zinazoubeba. Kifaa hiki hakijui kutofautisha salfeti na kalsiamu, na kwa hali hiyo hakidanganyiki na timu mbili zinazolingana nguvu, maana kinawahesabu wavutaji wote wa pande zote. Mvua safi mara nyingi huwa chini ya maikrosimensi 10 kwa sentimita, ilhali matone ya mwanzo juu ya mji wenye vumbi na moshi yanaweza kupita 50 bila taabu. Nilipoanza kuandika namba hii kwa kila chupa kwa mfuatano, ule mteremko niliousoma vitabuni, wa uchafu mwingi mwanzoni na kidogo baadaye, ulijichora wenyewe katika daftari langu. Tahadhari moja tu: kati ya ioni, yaani chembe zenye chaji zinazoubeba umeme majini, zile za haidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe, huupitisha mara kadhaa kuliko ioni nyingine, hivyo namba hiyo isomwe sambamba na pH.

Kukinga maji kunaonekana kuwa kazi nyepesi, na ndiko nilikoharibu mengi. Maji ya paa hayafai hata kidogo. Paa la bati lililopakwa zinki hutoa zinki, paa la saruji hupandisha pH, na paa la aina yoyote huwa limehifadhi vumbi na vinyesi vya ndege vya siku zote ambazo mvua haikunyesha. Ninachotumia ni faneli ya plastiki juu ya chupa ya plastiki, vikiwa vimefungwa kwenye nguzo kimo cha mita moja na nusu ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasifike, mahali palipo wazi, mbali na miti na kuta. Faneli yenye upana wa sentimita 20 hukinga takriban mililita 31 kwa kila milimita ya mvua, kiasi kinachotosha kupima mambo ya msingi, na kwa hiyo kila mililita 31 nabadilisha chupa. Maabara ikihitaji maji zaidi, faneli pana zaidi ndiyo dawa.

Jambo gumu ni kifuniko. Faneli iliyoachwa wazi mchana kutwa hupokea vumbi linalodondoka lenyewe, na mvua inapokuja hulisukuma vumbi hilo chupani kana kwamba lilikuwa hewani muda huo. Vituo vya kitaalamu vina mtambo wenye kihisio kinachofungua kifuniko tone la kwanza linapoangukia na kukifunga mvua inapokatika. Kwa asiye na mtambo huo, kihisio ni yeye mwenyewe. Nimeamka usiku kwa sauti ya mvua mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na mara kadhaa nimefika nje milimita ya kwanza, ile ile niliyoihitaji, ikiwa imekwisha kupita. Sampuli za namna hiyo naziandikia alama na sizichanganyi na nyingine, kwa sababu mvua iliyokosa mwanzo wake hufanana na mvua ya mji safi.

Ndege nao wana mchango wao. Chupa moja ilinirudia kutoka maabara ikiwa na amonia, potasiamu na fosfeti kwa viwango vya kushangaza, na nilikuwa nimekwisha kuanza kutunga nadharia kuhusu moshi wa kuchoma majani kabla sijatazama ukingo wa faneli. Tangu hapo fosfeti ikizidi naitupa sampuli bila majadiliano.

Maji yakishakingwa, hayatulii. Vijidudu vilivyomo hula amonia na asidi za asili, na pH hupanda polepole. Kwa hiyo pH na upitishaji wa umeme vipimwe siku hiyo hiyo, na kinachobaki kiwekwe kwenye jokofu, karibu nyuzijoto 4, hadi kifike maabara. Anayetaka kupima metali kama risasi, zinki au shaba anahitaji chupa nyingine kabisa, iliyooshwa kwa asidi ya nitriki na kutiwa kiasi kidogo cha asidi hiyo, maana bila asidi metali hujishikiza kwenye kuta za chupa na kupotea machoni pa mpimaji. Huko maabara, kromatografia ya ioni hutenganisha salfeti, nitrati, kloridi, amonia, sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na majibu yake yana njia nzuri ya kujikagua: jumla ya chaji chanya inapaswa kukaribia jumla ya chaji hasi. Zikipishana sana, ama kuna kitu ambacho hakikupimwa, ama kuna aliyekosea, na inafaa kuuliza kabla ya kuandika hitimisho lolote.

Hapo ndipo kazi inapokuwa tamu, kwa kuwa kila ioni ina ukoo wake. Salfeti huelekeza kwenye makaa ya mawe na mafuta mazito. Nitrati huelekeza kwenye injini na mitambo ya joto kali, ingawa radi nayo huchangia. Potasiamu huambatana na moshi wa kuni na majani. Kalsiamu ni ya vumbi na ujenzi. Kati ya metali, zinki hutoka kwa sehemu kwenye matairi yanayolika, shaba kwenye breki, na vanadiamu pamoja na nikeli kwenye mafuta mazito yanayochomwa na meli. Risasi ndiyo yenye historia inayotia moyo zaidi: nchi zilipoacha kuitia katika petroli ya magari, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho ilipoacha mwaka 2021, kiasi chake hewani na katika mvua kilishuka pia.

Karibu na pwani kuna hesabu ya lazima, kwa sababu upepo wa bahari huleta salfeti yake ambayo si kosa la mtu yeyote. Katika maji ya bahari, uzito wa salfeti ni takriban robo ya uzito wa sodiamu. Ikiwa mvua ina miligramu 2 za sodiamu na miligramu 3 za salfeti katika lita, basi nusu miligramu ya salfeti inahesabiwa kuwa ya bahari, na miligramu 2.5 zinazobaki ndizo za kutafutiwa mwenyewe. Hesabu yote hii inaegemea sodiamu, na nitaeleza mwishoni kwa nini sentensi hiyo imenikaa moyoni.

Anayelinganisha mvua moja na nyingine asisahau wingi wake. Rasharasha ya milimita moja karibu kila mara hutoa maji yaliyokolea uchafu, na mvua ya milimita 40 hutoa maji mepesi, hata kama hewa ya siku hizo mbili ilikuwa sawa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo ni rahisi kuzidisha: mvua ya milimita 20 yenye miligramu 2 za salfeti katika lita imeshusha miligramu 40 katika kila mita ya mraba. Namba ya kwanza, ya mkoleo, huelezea maji. Ya pili huelezea mzigo ulioangushwa juu ya udongo, mimea na mapaa. Hakuna kati ya hizo iliyo sawa na kiasi cha uchafu katika hewa ambayo mtu aliivuta saa ile, na nimewahi kubishana na rafiki yangu jioni nzima juu ya nukta hii moja.

Hoja yake ilikuwa kwamba mvua inapaswa kuchukua nafasi ya mashine za kupimia hewa. Haiwezi. Kaboni monoksidi na ozoni haziyeyuki majini kiasi cha kutosha kuacha alama, na masizi mapya hayapendi maji. Zaidi ya hayo, chembe zenye ukubwa kati ya takriban maikromita 0.1 na 1 hupita pembeni mwa matone yanayoanguka bila kukamatwa vizuri: ni kubwa mno kutangatanga kama gesi hadi zikaligusa tone, na ni ndogo mno kugongana nalo kwa uzito wake. Kwa bahati mbaya hizo ni miongoni mwa chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Na lipo pengo lililo wazi kuliko yote, kwamba hewa ya mji mara nyingi huwa mbaya zaidi katika wiki za ukavu na utulivu wa upepo, wakati ambapo faneli yangu haina la kusema.

Nguvu ya mvua iko kwingine, katika miaka mingi ya kupima kitu kile kile kwa namna ile ile. Katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, mvua imekuwa ikikusanywa na kupimwa tangu mwaka 1963, na ilikuwa na asidi nyingi mno ingawa msitu huo uko mbali na viwanda vikubwa. Mwaka 1978 ukaanzishwa mtandao wa kitaifa wa vituo vya kukusanya mvua nchini humo. Baada ya marekebisho ya mwaka 1990 ya sheria ya hewa safi, yaliyobana salfa dioksidi ya mitambo ya kufua umeme, salfeti katika mvua ilishuka kwa namna ambayo mtu yeyote angeweza kuiona kwenye grafu. Faneli na chupa zilitosha kuonyesha kama sheria ilifanya kazi, ilimradi zilikuwepo kabla na baada yake.

Mwishoni mwa msimu uliopita nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza kama ningekuwa na busara. Siku isiyo na mvua nilimimina maji yaliyokenekwa katika faneli, nikayaacha yaingie chupani, nikaifunga na kuipeleka maabara pamoja na nyingine kana kwamba ni mvua. Majibu yake yalipaswa kuwa karibu na sifuri kila mahali. Salfeti ilikuwa hivyo, nitrati pia. Sodiamu na kloridi hazikuwa hivyo, na nilipopiga hesabu nikagundua kwamba kwa msimu mzima nilikuwa nikikaza vifuniko kwa mikono yenye jasho, chumvi ya vidole vyangu ikihesabiwa kuwa ya bahari, na kila chembe yake ikinifanya nipunguze salfeti ambayo kwa haki ilikuwa ya moshi. Nimeyapitia upya majedwali yote nikiitoa chumvi hiyo. Sanduku la glavu sasa liko kando ya mlango, karibu na tochi.